Jinsi Bunge la Kibandani Lilivyonifungua Taya

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya taya, na ndani ya mkoba wako kuna chupa ya uji kwa sababu kitu kingine hakipiti, basi nimekuandikia wewe. Wengine wanakaribishwa, lakini watanivumilia nikieleza mambo ambayo wewe unayajua kwa mwili wako. Sitakufundisha udaktari. Niliusoma sana kwenye simu wakati ule, na faida kubwa niliyoipata ni maneno ya kuwasumbua madaktari. Nitakueleza yale ambayo simu haikuniambia.

Jina langu ni Mutheu. Wazazi wangu walitoka Machakos kabla sijazaliwa, baba akifuata kazi ya useremala, na tumeishi Kawangware kwenye ploti ile ile maisha yangu yote. Ploti ina vyumba chini na juu, na ngazi ya saruji katikati. Nilianguka kwenye ngazi hiyo nikiwa ndio kwanza nimejua kutembea. Kidevu kilipasuka, kikashonwa kwenye zahanati, kikapona vizuri. Hakuna aliyejua kwamba pigo lilikuwa limepanda hadi kwenye kiungo cha taya, pale mbele ya sikio, wala kwamba mfupa ungekua pale polepole hadi taya na fuvu vishikane kama mlango uliopigiliwa misumari.

Hakuna siku moja ninayoweza kusema kwamba mdomo ulijifunga. Ulipungua tu. Nilipoanza shule nilikuwa nauma andazi kama watoto wote. Baadaye nikawa navunja andazi vipande na kuvisukuma ndani kwa kidole. Kufikia sekondari, nafasi kati ya meno ya juu na ya chini ilitosha kalamu ya risasi, nayo kwa shida. Uso wangu ulikua lakini kidevu kikakataa kukua nao. Kilibaki cha mtoto, kimejificha nyuma. Shuleni niliitwa Mrija. "Niaje Mrija, leo umekunywa nini?" Nilijifunza kujibu kwa maneno makali yaliyopita katikati ya meno, na kwa kuwa yalitoka kwa sauti ya chini, watu walilazimika kuinama ili watukanwe.

Kuna jambo moja ambalo mwenye taya zima hawezi kulijua: mwayo. Mwayo huja wenyewe, hauombi ruhusa. Ukija na taya limefungwa, unagonga kwa ndani na kurudi, na maumivu yake hupanda hadi kwenye jicho. Chuoni nilikuwa naogopa mihadhara ya mchana kuliko mitihani.

Nilifanyiwa upasuaji wa kwanza nikiwa kidato cha kwanza. Nilitoka hospitalini nikifungua mdomo, na wodini walikuwa wametuambia kwamba bila mazoezi ya kila siku taya lingejifunga tena. Lakini kwetu mtu aliyekatwa hapewi kazi. Hulazwa, hupikiwa uji, watu huja kumwona na kuongea kwa sauti ya chini. Kidonda kinaheshimiwa. Mama aliniona nikilia huku vijiti vya mbao vya mazoezi vimenijaa mdomoni, akavitoa, akasema nipumzike kwanza hadi kipone. Kilipona. Na kwa jinsi nilivyotunzwa vizuri, mfupa nao ulipona pamoja nacho, na kabla ya Krismasi nilikuwa nimerudi kwenye kipimo cha kalamu ya risasi.

Kwa hiyo nilipomaliza chuo na kuamua kujaribu tena, nilikuwa mtu asiyeamini lolote. Nilienda kwa kila mtu aliyesema ana njia, na kila mtu nilimuuliza.

Kliniki moja ya binafsi iliniambia itaninyoosha kwa waya za meno. "Mtazifunga vipi na mdomo haufunguki?" niliuliza. Yule bwana alimtazama msaidizi wake, msaidizi akaitazama dari. Mchungaji wa mama alisema nije niombewe. Sikukataa. Nilimuuliza tu kama amewahi kumwona mwingine mwenye taya kama langu aliyeombewa likafunguka. Alinijibu kwamba imani haipimwi kwa hesabu, na mama hakunisemesha hadi Jumanne. Anti Syombua, mdogo wake mama anayeishi Kibera, alinipeleka kwa mwanamke mmoja wa Lindi, kijiji kingine cha huko Kibera, anayekanda watu. Alinikanda kwa mafuta ya moto mpaka nikasinzia. Nilipoamka nilikuwa na shingo laini ajabu na taya lile lile.

Mwisho nilifika kwenye hospitali kubwa ya umma, kwenye korido yenye mabenchi marefu, ambako watu wa kliniki ya taya hukaa pamoja. Ukitaka kujua kwamba hauko peke yako, kaa hapo asubuhi moja. Kuna aliyefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, kuna ambaye shavu moja limekuwa mawili, kuna mama anayemfunika mtoto leso usoni ingawa hakuna jua. Kando yangu aliketi kijana wa boda aliyevunjika taya, akafungwa meno kwa waya ili lipone. Yeye alifungwa na daktari, mimi nilifungwa na mfupa, na sote wawili tuliongea kwa meno yaliyobanana. Nilimuuliza wanampa nini nyumbani, akasema supu, kila siku supu, sasa hata ng'ombe akimwona anamkimbia. Nilicheka hadi machozi. Muuguzi alipita akatuuliza, "Na nyinyi wawili mnapanga kuiba nini?" Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuongea na mtu ambaye hakuangalia mdomo wangu.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, viatu vya raba miguuni. Alipapasa mbele ya masikio yangu akaniambia nifungue. Nikafungua nilichoweza.

"Njia ziko kadhaa," alisema. "Naweza kukata mfupa ulioshikana na kuweka msuli katikati, nautoa hapa juu ya sikio, ili mifupa isikutane tena. Naweza kuchukua kipande cha ubavu nikakujengea kiungo. Kuna viungo vya chuma, lakini kuvipata ni vigumu, na wewe bado mdogo, vitachoka kabla yako. Kidevu ni hadithi nyingine. Tunaweza kukivuta mbele baadaye."

"Ungekuwa wewe, daktari?"

"Ningekatwa, niwekewe msuli, kisha nifanye mazoezi kama mwendawazimu. Kidevu kingengoja."

"Na litashikana tena?"

"Sijui," alisema. "Likishikana mara ya tatu, sitakudanganya, kulifungua itakuwa kazi ngumu zaidi na nafasi yako itakuwa ndogo. Mimi nina kazi ya asubuhi moja. Yako ni ya mwaka mzima. Ile mara ya kwanza ulifanya mazoezi?"

Nilimtazama mama, aliyekuwa amenisindikiza. Mama alitazama sakafu.

Nilimchagua daktari huyo kwa sababu ya lile neno "sijui". Wote walionitangulizia matumaini hawakuwahi kulitamka. Ukiniuliza leo ni njia ipi bora kati ya zile alizotaja, nitakuambia sina cheo cha kukujibu. Taya lako si langu. Lakini muulize anayekushauri ni kitu gani hakijui. Akikosa jibu, chukua mkoba wako.

Nililazwa mvua za Aprili zikinyesha. Kwa mtu ambaye mdomo haufunguki, nusu kaputi haianzi kama kwa wengine. Hawawezi kukulaza kwanza halafu wakuingizie mpira wa kupumulia kupitia mdomoni, kwa hiyo unapitishwa puani ukiwa macho. Nilikuwa nimesoma habari zake na nilikuwa naogopa mpira huo kuliko kisu. Daktari wa nusu kaputi alikuwa mzee mwenye tumbo, akivuma wimbo kwa pua.

"Wewe ndiye yule wa maswali?"

"Nani alikuambia?"

"Wodi nzima. Basi uliza yote sasa, maana nikianza hutapata nafasi."

Niliuliza. Alijibu yote bila kuacha kunipulizia dawa ya ganzi kooni. Halafu akasema, "Sasa vuta pumzi polepole, kama mtu anayepita nje ya nyumba ya harusi na wanapika pilau." Mpira ukapita. Ulichoma, nikahisi nazama, akaendelea kunielekeza: "Kitunguu hicho. Nyama hiyo. Haya, mdalasini." Sikufika kwenye mchele.

Niliamka uso wangu ukiwa mzito kama mfuko wa unga. Nywele zilikuwa zimenyolewa juu ya masikio yote mawili, nyusi moja ilikataa kupanda, na nilipojaribu kutabasamu upande mmoja tu ulitii. Nyusi ilichukua hadi Agosti kurudi. Nakuambia ili usilie kwenye kioo cha wodi kama mimi. Lakini asubuhi iliyofuata daktari alikuja akasema nifungue, nikafungua, na hewa baridi ikaingia ndani kabisa, ikagusa sehemu ambazo hazikuwa zimeguswa na upepo kwa miaka. Muuguzi alipiga makofi. Daktari hakupiga. Alitoa fungu la vijiti bapa, vile wanavyobonyezea ulimi, akaviweka kimoja juu ya kingine, akavisukuma katikati ya meno yangu mpaka nikamshika mkono.

"Hivi," alisema. "Kila baada ya saa chache, kila siku. Unaongeza kijiti kimoja unapoweza. Hupunguzi. Ongea, tafuna, imba, gombana. Unachotaka ni vidole vyako vitatu vipite vikiwa vimesimama. Ukinyamaza, unajifunga mwenyewe."

Nilirudi Kawangware, na Kawangware ikanyamaza.

Sisemi kwa kulaumu. Cucu Nyambura, bibi mwenye ploti, ambaye baba yake alikuwa na shamba pale kabla ya nyumba, alipita mlango hadi mlango akiamuru redio zipunguzwe. Watoto walikatazwa kucheza mpira uani. Wanawake wa chama cha mama walikuja na uji wa wimbi kwenye chupa za chai, wakaketi ukutani wamefumbata mikono, wakinitazama kwa upole. Nikijaribu kuwauliza habari, mmoja alisema, "Shhh, usijichoshe, mwanangu." Cucu alikuja akanishika kiganja. "Kairitu, msichana wangu, nyamaza tu. Mimi nitaongea, wewe kubali kwa kichwa." Akaongea kuhusu maji ya kanjo, yale ya mifereji ya jiji, hadi magharibi.

Mama ndiye aliyenisaidia kuweka vijiti, na mama hakuweza. Nilipoguna tu, alivitoa. "Leo umechoka. Tutafanya kesho." Baba alisimama mlangoni na kipande cha msasa mkononi, akavilainisha vijiti kingo zisinikate, akarudi karakana. Yeye huwa hivyo. Niliweza kuvisukuma mwenyewe, ndio, lakini jaribu kujiumiza kwa mkono wako kila siku huku mama yako anakulilia mbele yako. Unajikuta unamwonea huruma yeye.

Ikafika baridi ya Julai. Nairobi ya Julai inakaza hata bawaba za milango. Asubuhi moja fungu lililopita jana halikupita. Nikatoa kijiti kimoja, nikajaribu tena. Halikupita. Nikatoa kingine.

Kliniki, daktari alipima, akasema, "Unarudi nyuma, Mutheu." Hakunigombeza. Alisema nirudi mwezi unaofuata, na kama nafasi itakuwa imepungua zaidi, tutaanza kuzungumza mambo ambayo yeye na mimi hatuyataki.

Tuligombana na mama pale pale kwenye korido, mbele ya mabenchi.

"Unaniua na huruma, Mum!"

"Usinipandishie sauti hapa."

"Ndiyo dawa yenyewe! Kupandisha sauti ndiyo dawa!"

"Mimi nilikubeba na hicho kidevu kikivuja damu, Mutheu. Nilikubeba kutoka kwenye hiyo ngazi mpaka zahanati bila viatu. Unataka nikushikilie nikuumize tena kwa mkono huu?"

Jioni hiyo nilifunga nguo chache, nikampigia simu Anti Syombua, nikahamia Kibera. Mama hakunisindikiza hata getini.

Anti anaishi Raila, kijiji cha Kibera kilicho upande wa juu, na mbele ya nyumba yake ana kibanda cha githeri, chapati na chai. Ukitaka mahali pa kupumzika, usiende huko. Kuna mwenye kusaga vyuma kushoto, kanisa lenye spika mbili kulia, na katikati, kila siku kuanzia saa nne, kuna bunge. Si lile la serikali. Ni wanaume na wanawake wachache wasio na kazi siku hiyo, au walio na kazi lakini wameiacha kidogo, wanaokaa kwenye mabenchi ya Anti na kujadili chochote. Kila mmoja ni mheshimiwa. Spika ni mzee Ouko, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na rungu lake ni mwiko wa ugali anaougonga kwenye mfuniko wa sufuria.

Siku ya kwanza nilikaa pembeni na vijiti mdomoni, machozi yakitiririka, nikiwasikiliza wakibishana kama kuku humjua mwenyewe. Kijana mmoja wa Lindi, fundi wa simu aitwaye Brayo, alidai kuku hamjui mtu, anajua mahindi tu. Upuuzi ule ulinichoma kuliko vijiti. Nikavichomoa, nikasema kwa zile sauti zangu za katikati ya meno kwamba kwa kipimo hicho hata yeye hamjui mamake.

Mzee Ouko akagonga mfuniko.

"Mheshimiwa wa Kawangware, bunge halikusikii. Fungua mdomo!"

Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote na halikuwahi kuja na nia njema. Anti Syombua alitoka nyuma ya sufuria na chapati mkononi. "Spika, huyo ametoka kukatwa taya. Daktari amesema lisipotumika litajifunga tena."

Mzee Ouko alifikiri. Alinitazama, akatazama vijiti vilivyokuwa mikononi mwangu vikimetameta kwa mate, hakuonyesha kinyaa.

"Basi bunge linaamua hivi," alisema. "Mheshimiwa huyu hatapewa nafasi ya kusema kabla hajamaliza zamu yake ya vijiti. Wengine wakiongea, yeye anavaa. Akivua, anaongea, na anaongea na mdomo wazi. Anayeunga mkono?"

"Naunga!" walipiga kelele.

"Wewe ni nani uniamulie?" nikamuuliza.

"Husikiki, mheshimiwa."

Hujaona mateso mpaka ukae umejazwa mbao mdomoni huku mtu mzima anasema mambo ya uongo na huwezi kumjibu. Brayo alilijua hilo. Alikuwa anangoja niweke vijiti, ananigeukia, anasema polepole kwamba chuo kikuu ni mahali ambapo watu hulipa ili wasifikirie. Nilikuwa narusha mikono. Nilikuwa napiga miguu chini. Spika alikuwa anatazama saa yake, ile isiyotembea, anasema, "Bado, mheshimiwa. Bado." Na nilipochomoa vijiti, taya likiwa limelegea na lina joto, nilitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Nikirudi kwenye mazoea ya kubana meno, benchi zima liliimba, "Fungua! Fungua!" mpaka nikapanua.

Nilianza kuongeza kijiti kwa hasira. Halafu kwa mashindano, maana Brayo alisema sitamaliza wiki bila kulia, na nilimaliza. Anti alinipa mabaki ya chapati ngumu za jana nitafune nikingoja zamu. Maumivu hayakuisha; yalikuwa yale yale. Lakini nilikuwa na kazi nyingine ya kufanya kuliko kuyasikiliza. Nilikuwa nawaza hoja. Kliniki ya Agosti nilienda peke yangu, na nafasi haikuwa imepungua tena.

Agosti ilikuwa inaisha mama alipokuja. Hakuniambia. Alishuka kutoka barabarani amebeba chupa ya uji wa wimbi na leso yake ya chama mabegani, na alichokiona ni binti yake, mgonjwa wake, amezungukwa na wanaume wanaompigia kelele afungue mdomo.

"Nyinyi hamna haya?" Sauti yake ilimzidi hata yule wa kusaga vyuma. "Wanaume wazima! Mnamcheka mtoto wa watu mgonjwa?"

Mzee Ouko alisimama, akavua kofia. "Karibu, mama. Hatumcheki. Mheshimiwa yuko katika matibabu."

"Mheshimiwa nani?"

"Mum, mimi," nilisema. "Kaa chini. Niko katikati ya hoja."

Na nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeingoja zamu hiyo kwa muda na Brayo alikuwa anajificha nyuma ya mama. Hoja ya siku ilikuwa ni nani alikuwa wa kwanza kuchemsha mahindi na maharagwe pamoja. Brayo alikuwa amesimama kidete kwamba ni Wakikuyu, ndiyo maana kila mtu huita githeri. Nikasema jina si ushahidi. Mtu akikuita mjinga haimaanishi amekuzaa. Benchi likapasuka kwa vicheko. Nami nikacheka, kichwa nyuma, na nikamwona mama ananitazama mdomoni. Alikuwa hajaniona nikicheka mdomo wazi tangu nikiwa mtoto mdogo.

Aliketi. Aliweka chupa chini. Brayo, maskini, alidhani amepata mtu mtulivu wa kumuunga mkono. "Mama, wewe ni mtu mzima, tuambie ukweli. Githeri ni ya nani?"

Mama alijifunga leso upya kiunoni.

"Spika," alisema, "naomba nafasi."

Sitarudia yote aliyosema. Alianza na nyanya yake wa Machakos na chungu cha udongo, akaeleza isyo, githeri ya Wakamba, kama mtu anayemsifu marehemu, akamuuliza Brayo kama huko kwao Lindi wanajua tofauti ya mahindi ya kukoboa na yasiyokobolewa, akasema amepanga kwenye ploti ya Mkikuyu miaka mingi, anampenda kama dada, na bado kila akimpelekea isyo sahani hurudi tupu imelambwa. Spika aligonga mfuniko mara mbili kumwambia muda umekwisha. Aliendelea. Kabla ya siku hiyo alikuwa hajapandisha sauti hivyo tangu nimjue, na nilielewa ghafla maneno yangu yote makali nimeyatoa wapi.

Watu walipotawanyika kula, alinawa mikono kwenye ndoo ya Anti, akaifuta kwa leso, akaja kukaa mbele yangu.

"Lete vijiti."

"Mum, naweza mwenyewe."

"Lete."

Aliviweka. Nilipoguna, mkono wake ulisita. Kisha akasukuma.

Nilirudi Kawangware wiki iliyofuata, kwa sharti kwamba redio zifunguliwe. Mama mwenyewe alipanda kumweleza Cucu. Sijui walielezana nini, lakini jioni ile Cucu alivuta kiti uani akaniita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "We kairitu, nasikia umeenda Kibera kusema githeri ni yenu? Kuja hapa!" Tulibishana hadi giza likaingia. Wanawake wa chama walipokuja tena waliniletea mahindi ya kuchoma, na aliyejaribu kusema "shhh" mama alimwambia atoke nje ama aanzishe mada.

Desemba, watu wakijiandaa kwenda ushago, kwao vijijini, tulirudi kliniki, mimi na mama. Daktari alikunja mikono, akaniambia nijipime mwenyewe. Nilisimamisha vidole vyangu vitatu, kimoja juu ya kingine, nikavipeleka mdomoni. Viliingia. Nikavizungusha ndani kidogo, kwa majivuno. Mama alipiga kigelegele pale pale, ndani ya chumba cha daktari, na kutoka kwenye mabenchi ya korido mtu asiyejua sababu akamjibu kwa kigelegele kingine.

"Usiache vijiti," daktari alisema, lakini alikuwa anacheka. "Hata mwaka ujao. Sasa kidevu?"

Nilimwambia nitafikiria. Nilikuwa na maswali. Alisema hakuwa na shaka juu ya hilo. Bado ninafikiria, na kidevu changu kiko vile vile, na watu wanaokitazama siku hizi husikia kwanza ninachosema.

Kabla sijatoka akaandika kitu na kunituma ghorofa ya chini. "Meno yako ya nyuma hayajaguswa na mswaki tangu utotoni. Nenda kwa daktari wa meno leo."

Daktari wa meno alikuwa kijana, pengine wa rika langu. Akawasha taa, akasema, "Panua," bila kufikiria, kama anavyomwambia kila mtu. Nikapanua. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Nani amekuwa akikuangalia haya magego?"

"Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza kabisa?"

"Karibu ndani," nilimwambia.

Mawili yalikuwa yameoza, akayang'oa. Ilikuwa ganzi, koleo, sauti ya kuvunjika, damu, pamba. Mtoto kwenye kiti cha pili alikuwa akipiga mayowe, mama yake akimshikilia miguu, na mimi nililala pale nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nilikuwa naumwa kitu cha kawaida. Nilikuwa natibiwa kama mtu yeyote wa Kawangware mwenye jino bovu.

Akamaliza, akavua glavu, akaninyooshea kioo kidogo nione mapengo.

"Haya, unaweza kufunga sasa."

Nilimwinulia kidole angoje. Nilikuwa bado naangalia.